Mama mkandaji, saluni au kine: umpe nani mgongo wako?

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, una njia nyingi za kuchosha mwili. Kuna mama anayepandisha bidoni ya lita 20 kutoka ziwani, ukanda umemkaza paji la uso na shingo inabeba uzito wote. Kuna motari, dereva wa pikipiki, anayerushwa siku nzima na mawe ya volkano kwenye barabara za ndani za Ndosho. Kuna fundi wa cherehani pale Soko la Virunga aliyeinamia mashine tangu asubuhi, na karani wa shirika huko Himbi ambaye hajabeba kitu kizito kuliko kompyuta, lakini shingo yake imekuwa ubao. Siku moja wote husema neno lile lile: "Natafuta mtu wa kunikanda."

Ukilisema hilo mtaani utapewa majibu matatu. Jirani atakutajia mama fulani wa Majengo mwenye mkono mzuri. Rafiki atakutajia saluni au hoteli ya kando ya ziwa. Muuguzi atakuambia uende kwa kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Watatu hao hawafanyi kazi moja, ingawa wote wanashika misuli ile ile.

Niseme mapema nimesimama wapi. Bibi yangu alikuwa mkandaji wa wazazi, yaani wanawake waliojifungua. Mimi nimewahi kulipwa na saluni, na leo ninafanya kazi chini ya kine katika kituo cha afya. Kwa hiyo nina deni la heshima kwa wote watatu, na kila mmoja nimeona anapokosea. Nianze na kosa langu mwenyewe.

Alikuwa mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kazi yake kushusha kabichi na viazi kutoka Kibumba. Nilipomgusa mabega nikakuta mawe. Nikafurahi, maana mkandaji akikuta fundo huona kazi imejileta yenyewe. Nikamkanda mabega wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne, akiwa anavaa shati, akaniambia kwa adabu: "Mabega sasa ni mazuri, Mama. Goti utalifanya lini?" Mtu wa chukudu, barabara ikiwa tambarare, hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Yeye alikuwa hawezi tena kupiga goti. Hilo ndilo lililomleta kwangu, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si "panauma wapi?" Ninauliza: "Unataka mwili wako ufanye nini ambacho leo haufanyi?" Jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha mlango wa kugonga.

Mambo matano ya kupimia

La kwanza ni lengo, na malengo mengi huangukia makundi matatu: kutulia na kulala, kupunguza maumivu, au kurudisha kazi ya kiungo (kupiga goti, kuinua mkono, kugeuza shingo). La pili ni mkono wenyewe: unabonyeza kwa kina gani na unajua nini kuhusu kilicho chini ya ngozi. La tatu ni usalama. La nne ni muda na fedha, pamoja na nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi, ambayo watu husahau kuihesabu. La tano hulisikii sana, lakini mimi ninalipa uzito mkubwa: unabaki na nini mkono ukishaondoka?

Masaji inaweza nini

Tuweke msingi huu kwanza, kwa sababu katika milango yote mitatu kuna ahadi zinazozidi uwezo wa mikono.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Masaji imo kati ya mambo ambayo mgonjwa anaweza kupewa, ikiwa pamoja na elimu na mazoezi. Ile mikanda ya kufunga kiuno na mashine za kuvuta uti wa mgongo hazikupendekezwa. Kabla ya hapo, mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 25 yalikuta kwamba masaji huleta nafuu ya kiuno kwa muda mfupi, na waandishi wenyewe wakakiri kuwa ushahidi ni dhaifu. Nafuu ipo, basi, lakini haidumu ikiachwa peke yake.

Kwa upande wa moyo mzito na wasiwasi, uchambuzi wa 2004 uliounganisha tafiti 37 ulikuta kwamba hata kipindi kimoja hushusha wasiwasi wa wakati ule pamoja na mapigo ya moyo, na vipindi vya kurudiarudia hupunguza hata huzuni. Kwa mji uliopitia yale ambayo Goma imepitia, hilo si jambo dogo.

Kuna pia suala la kipimo, kama dawa. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2014, la watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo, lilionyesha kwamba vipindi vya nusu saa, hata mara tatu kwa wiki, havikusaidia kwa maana. Saa nzima, mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki nne, ilisaidia. Mtu anayekanda shingo dakika kumi na tano mara moja kwa mwezi, kisha anasema masaji haifanyi kazi, hajaijaribu.

Na isiyoyaweza? Haitoi "sumu" mwilini. Haikamui asidi ya laktiki kutoka misulini: asidi hiyo huondoka yenyewe kama saa moja baada ya kazi ngumu, na maumivu unayoyasikia siku ya pili na ya tatu yana sababu nyingine. Hairudishi diski ya uti wa mgongo mahali pake kwa kubonyeza. Wala hakuna "mishipa iliyopandana" inayopanguliwa kwa kidole gumba, ingawa neno hilo nalisikia kila siku na mwenye kulisema anaumwa kweli.

Mama mkandaji wa mtaani

Lengo linalomfaa: uchovu wa mwili mzima, ugumu wa kawaida wa misuli, na matunzo ya mzazi aliyetoka maternite (hospitali ya uzazi). Hapo sina wa kumlinganisha naye. Anakuja nyumbani, anamkanda mama mgongo na miguu, anamwosha mtoto, anasikiliza habari ya wakwe, na anapoondoka nyumba nzima imepumua. Nusu ya tiba yake ni mazungumzo.

Mkono wake umejifunza kwa miili mingi, si kwa kitabu. Anajua kupasha mafuta kabla ya kugusa, jambo ambalo baadhi ya saluni hulisahau. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mafuta ya asubuhi ni baridi kama chuma. Hatumii saa. Anaacha anapohisi misuli imekubali.

Usalama ndio unaonifanya nikunje uso, na hapa nitakaa kidogo. Kuna miili ambayo mkono huo usiiguse. Tumbo la mjamzito halisukumwi ili "kumgeuza mtoto", kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka na mama akavuja damu ndani kwa ndani. Mfupa uliovunjika haukandwi. Mtoto akianguka na kiwiko kikivimba, kukikanda kwa nguvu kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya misuli na mkono usikunjike tena; nimewaona watoto hao wakija kwa kine miezi baadaye, na wakati huo kazi ni ngumu mara kumi. Na maji ya moto ya mzazi: yawe ya kuvumilika kwa kiwiko cha anayekanda, tena kidonda cha upasuaji kisiguswe. Bibi yangu alikuwa akisema mama anayekandwa asilie. Nilidhani ni upole wake tu, baadaye nikaelewa kuwa ilikuwa kanuni ya kazi.

Muda na fedha: ni nafuu kuliko wote, bei inazungumzwa barazani, na mara nyingine hulipwa kwa unga au sabuni. Nauli hakuna.

Unachobaki nacho ni usingizi mzuri wa usiku ule na mtu wa kumwita tena. Mazoezi au maelezo ya kwa nini paliuma, kwa kawaida, hutapewa.

Saluni na masaji ya kutuliza

Lengo linalomfaa: kutulia. Basi. Nalisema bila dharau, maana watu wa tiba hupenda kulidharau lengo hili, kana kwamba kulala usiku ni anasa. Anayefanya kazi ya kusikiliza habari mbaya kutwa nzima, au dereva ambaye taya zake zinasagana usingizini, kutulia ni lengo kamili.

Mkono wa saluni ni ule unaoitwa masaji ya Uswidi: kupapasa kwa miondoko mirefu, kukanda kama unga, kusugua, kupigapiga. Majina yake ya Kifaransa tunayoyatumia katika mafunzo yalienezwa na daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, katika karne ya 19, wala hayakutoka Uswidi. Shinikizo ni la wastani na mdundo ni wa polepole. Mkandaji mzuri wa saluni hujua kwamba ukibonyeza hadi mteja akaze meno, misuli inajikinga na umepoteza dakika zako.

Kuna jambo la mawe ya moto. Baadhi ya wateja huniuliza: Goma yote ni mawe ya volkano, kwa nini tusitumie haya haya ya mlangoni? Mawe ya masaji ni basalti laini iliyosuguliwa na maji hadi ikateleza. Haya ya kwetu yana matundu na makali. Yafaa kusugulia visigino, mgongoni yatachubua.

Usalama: hatari kubwa iko kwenye maswali yasiyoulizwa. Saluni nyingi hukuuliza unataka mafuta gani, hazikuulizi kama una shinikizo la damu, kisukari au mimba. Jitaje mwenyewe. Angalia shuka: imebadilishwa au imegeuzwa tu? Tangu Ebola ilipofika Goma Julai 2019 tumezoea kunawa mikono, na tangu mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, itangazwe dharura ya dunia Agosti 2024 kila mkandaji anapaswa kuangalia ngozi kabla ya kuigusa. Ukiwa na vipele au homa, baki nyumbani. Ukiona vipele mikononi mwa anayetaka kukukanda, vaa viatu uondoke. Mlango wa chumba, pia, usiwe wa kufungwa kwa ufunguo kutoka nje.

Muda na fedha: saa moja kamili, kwa kawaida kwa dola, na ndiyo ghali kwa kila ziara. Kumbuka lile jaribio la shingo: mara mbili kwa wiki kwa wiki nne ni ziara nane. Wachache wanaweza.

Unachobaki nacho: mwili mwepesi kwa siku moja au mbili. Aliye na tatizo la goti atarudi na goti lake, limetulia vizuri.

Kine

Lengo linalomfaa: kurudisha kazi ya kiungo, na maumivu yanayorudi kila yakiondoka. Mguu uliotolewa plasta, upande uliolegea baada ya kiharusi, bega lisilopanda, majeraha ya risasi. Katika mji huu makine wamejifunza mengi kwa sababu zisizofurahisha: hospitali ya CBCA Ndosho imepokea majeruhi wa vita kwa miaka, na kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa miguu bandia na kuwafundisha watu kutembea upya.

Mkono wake ni wa uchunguzi kwanza. Atakuambia uiname, ugeuke, usimame kwa mguu mmoja. Masaji yenyewe huenda ikachukua dakika kumi tu, kisha mazoezi. Hapo ndipo malalamiko hutokea: "Nimelipa, hakunikanda!" Nayaelewa. Lakini yule mwendesha chukudu alipofika kwa kine, mapaja yake yalikandwa kidogo tu ili akubali kukunja goti. Kilichomrudisha barabarani kilikuwa kuimarisha misuli ya mbele ya paja, kuongeza unene wa kile kipande cha mpira, na kubadilisha goti kila anapopumzika. Masaji ilifungua mlango, mazoezi ndiyo yaliyoingia.

Usalama: ndiye aliyezoezwa kutambua kisichopaswa kukandwa, na anaweza kukurudisha kwa daktari. Hata hivyo kine mchovu mwenye foleni ndefu anaweza kukupa zoezi moja wanalopewa wote. Ukiona hivyo, sema.

Muda na fedha: kila ziara ni nafuu kuliko saluni lakini ziara ni nyingi, na foleni hula asubuhi ya kazi. Uliza mwanzoni: "Tunakadiria mara ngapi, na tutajuaje kwamba inasaidia?"

Unachobaki nacho: mazoezi mawili au matatu ya nyumbani. Usipoyafanya, umelipia foleni.

Kujikanda mwenyewe, kwa mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta au kwa chupa ya maji ya uvuguvugu chini ya unyayo, si mlango wa nne. Ni daraja kati ya ziara, na ni bure.

Kabla ya mlango wowote

Maumivu ya kiuno yakija na ganzi katikati ya mapaja, mkojo usiozuilika au usiotoka, au mguu unaoishiwa nguvu, ni hospitali leo hii. Shavu moja la mguu likivimba, lina joto na linauma, usikubali likandwe: huenda ni damu iliyoganda, na kuisukuma ni kuipeleka mapafuni. Mgongo unaouma usiku zaidi kuliko mchana, pamoja na jasho, kukonda au kikohozi kirefu, uchunguzwe kifua kikuu. Kifua kikuu hukaa pia kwenye uti wa mgongo, na kwetu watu hukandwa miezi mingi kabla mtu hajafikiria hilo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliye na saratani, amuulize daktari wake kwanza.

Jinsi ya kupanga ukishachagua

Mlango wowote utakaogonga, tumia dakika kumi za maneno kabla ya mafuta. Lengo liseme kwa kitendo: "niweze kushona hadi saa nane bila kusimama", "nilale bila kuamka saa tisa usiku", "nibebe mtoto kwa mkono wa kushoto". Sentensi "nataka nipone" haipimiki, na mkandaji hawezi kuipangia kitu. Lipe lengo alama kutoka 0 (huwezi kabisa) hadi 10 (unaweza bila shida) leo. Kubalianeni pia kuhusu shinikizo: ukisema maumivu ni "sita" kati ya kumi apunguze mkono, bila ubishi.

Baada ya ziara tatu au nne, toa alama tena. Zimepanda? Endeleeni, kisha mpunguze ziara. Hazijasogea? Mbinu ibadilike au mlango ubadilike. Hapo wengi hukwama kwa aibu, hawataki kumuudhi mama mkandaji au "dokta". Mfanyakazi mwenye heshima hataudhika. Mimi nilishukuru kuambiwa habari ya goti.

Neno moja kwa waliowahi kushikwa kwa nguvu na kutendewa ukatili, na katika mji huu ni wengi. Kuguswa kunaweza kuponya na kunaweza kurudisha kile ulichokikimbia. Una haki ya kuchagua mwanamke au mwanaume, kubaki na nguo, kukaa kwenye kiti badala ya kulala, kumleta ndugu chumbani, na kusema "basi" katikati ya kazi. Mkandaji anayeuliza kwa nini unasema basi, mwache.

Kulingana na hali yako

Umejifungua salama, huna homa wala kidonda kibaya, na umechoka: mama mkandaji, kwa masharti ya maji na tumbo niliyoyataja. Ulipasuliwa? Subiri ruhusa ya maternite.

Shingo na mabega ya kompyuta, usingizi mbaya, na fedha si tatizo kubwa: saluni kwa mwezi mmoja wa mfululizo, si mara moja moja, na inua kiti chako kidogo. Fedha ikiwa tatizo, ziara mbili kwa kine za kujifunza mazoezi, kisha mpira wa tenisi ukutani.

Motari au mbeba mizigo mwenye kiuno kinachoshika kila wiki: kine. Kati ya ziara, mama mkandaji anaweza kukupunguzia ugumu wa jioni, ila mwambie kine mama huyo amekukanda wapi. Milango miwili kwa pamoja si usaliti.

Mtoto aliyeanguka, kiungo kimevimba: hospitali yenye eksirei, wala usipitie kwa mtu yeyote njiani.

Na kama ukijiuliza unataka mwili ufanye nini jibu halitoki, unajua tu kwamba umechoka, anza na mkono ulio karibu na nafuu zaidi, salama kwa hali yako, mara moja. Asubuhi yake chukua daftari uandike ni kitendo gani kimekuwa chepesi. Kitendo hicho ndicho utakachomtajia wa pili.